Shilingi ya Jirani: Habari za Michango Iliyowapeleka Vijana Wetu Vyuoni

Wakati wa Yubilei watu hupenda kuhesabu majengo. Twahesabu makanisa, twahesabu shule, twahesabu nyumba za Mapadre na za Masista, tukitaja na mwaka ambao jiwe la kwanza liliwekwa. Ni haki kufanya hivyo, maana mawe hayo yalibebwa na mabega ya watu. Lakini liko jengo jingine lisiloonekana kwa macho, nalo ni elimu ya vijana waliosomeshwa kwa fedha za majirani zao. Jengo hilo halina jiwe la msingi, wala tarehe yake haikuchongwa ukutani. Kwa hiyo sisi makatekista na walimu tumeona inafaa kuandika habari zake katika kitabu hiki, wazee wapate kukumbuka na vijana wapate kujua.

Habari tutakayoisimulia ni ya vijana waliomaliza shule za sekondari katika Kenya, wakapelekwa vyuo vya Marekani tangu mwaka wa 1959 hata 1963. Watu wengi wameisikia kama habari ya wakuu tu: Bwana Tom Mboya, Seneta John Kennedy, na ndege zilizovuka bahari. Majina hayo ni ya kweli, nasi tutayataja. Lakini twataka kuonyesha jambo moja linalosahauliwa mara nyingi, ya kwamba kabla mkono wa mbali haujanyoshwa, mkono wa jirani ulikuwa umekwisha kufunguka.

MLANGO MWEMBAMBA

Mwenye kutaka kuupima uzito wa shilingi ya jirani, na afahamu kwanza jinsi mlango wa elimu ulivyokuwa mwembamba. Mtoto wa Kiafrika wa miaka ya 1950 alikutana na mtihani mkubwa katika darasa la nne, kisha akakutana na mwingine katika darasa la nane. Kila mtihani ulikuwa kama chekeche: wachache walipita, wengi wakabaki nyuma. Aliyeshinda yote, akamaliza miaka minne ya sekondari na kupata cheti cha Cambridge, alikuwa mtu wa kuonyeshwa kwa kidole kijijini kwao.

Hata huyo naye, alipotazama mbele, hakuona milango mingi. Ulikuwako wa Makerere, kule Kampala. Makerere ilianza mwaka wa 1922 kama shule ya ufundi, na mwaka wa 1949 ikawa chuo cha kufundisha kwa digrii za Chuo Kikuu cha London. Lakini nafasi zake ziligawanywa kati ya vijana wa Uganda, Kenya, Tanganyika na Unguja. Katika Nairobi, Chuo cha Ufundi cha Kifalme kilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka wa 1956, nacho kilikuwa bado kichanga. Wako waliopelekwa Uingereza, nao walikuwa wachache sana.

Tena miaka ile ilikuwa miaka ya shida. Tangu Oktoba 1952 hata Januari 1960 nchi ilikuwa chini ya amri za Hali ya Hatari. Katika Mkoa wa Kati watu wengi waliondolewa penye mashamba yao, wakakusanywa katika vijiji vilivyozungushiwa handaki na miiba, na mikutano ya watu haikufanywa ila kwa ruhusa. Wanaume wengi walikuwa kizuizini. Mama aliyebaki na watoto alipaswa kutafuta chakula, kodi, na karo ya shule kwa mikono yake miwili. Basi mtu akisikia leo kwamba majirani wa wakati ule walitoa fedha zao ili mtoto wa mwenzao aende chuo, asidhani kwamba walitoa kilichowazidi.

WALIOTANGULIA KUCHANGA

Desturi ya kuchanga haikuanza mwaka wa 1959. Ilikuwa ya zamani. Mtu alipojenga nyumba, majirani walileta miti na nyasi. Alipolima, walikuja na majembe. Alipofiwa, walikuja na unga na kuni. Shule zilipofika, desturi ile iliingia shuleni bila kubadili tabia yake.

Mfano mkubwa ulikuwa Githunguri, katika nchi ya Kiambu. Bwana Mbiyu Koinange, aliyekwenda kusoma Marekani mwaka wa 1927 na kupata digrii kule, alirudi akafungua Githunguri chuo cha kufundishia walimu mwaka wa 1939. Fedha zake hazikutoka serikalini wala misioni. Wazee waliziita rika zao, na kila rika likataka kushinda rika jingine kwa kutoa. Wanawake nao walikusanya fedha zao wenyewe, ili wasichana wapate nyumba ya kulala wakiwa shuleni. Chuo kile kilifungwa na serikali mwaka wa 1952, Hali ya Hatari ilipoanza.

Twaandika habari hii katika kitabu cha misioni bila kuficha, kwamba misioni nyingi hazikuzipenda shule zile za kujitegemea, nazo shule zile hazikuzipenda misioni. Palikuwa na ugomvi wa dini na wa desturi, na maneno makali yalisemwa pande zote mbili. Lakini sasa, miaka mingi imepita, nasi twaweza kusema kwa moyo mtulivu: somo la kuchanga tulifundishwa na wazee wetu wote, waliokuja kanisani na wasiokuja. Waliokuwa wakitoa mahindi yao kwa shule ya misioni na waliokuwa wakitoa mbuzi wao kwa Githunguri walikuwa na tamaa moja, mtoto apate kujua.

KIJANA ALIYEKOSA KARO

Sasa tumtaje Bwana Tom Mboya, kwa kuwa alikuwa mtoto wa shule za misioni. Alizaliwa mwaka wa 1930 katika shamba la mkonge karibu na Kilima Mbogo, ambako baba yake alifanya kazi ya unyapara. Watu wake walikuwa Wajaluo wa kisiwa cha Rusinga. Alisoma Kabaa katika nchi ya Wakamba, akasoma Yala huko Nyanza, kisha akaingia shule ya Mapadre wa Roho Mtakatifu ya Mangu. Alikuwa na akili, na kwa akili yake angaliweza kuendelea. Lakini baba yake hakuwa na uwezo wa kulipa zaidi, na wadogo zake nao walikuwa wakingoja zamu yao. Basi kijana akaacha, akaenda mwaka wa 1948 kujifunza kazi ya ukaguzi wa afya, mahali ambapo mwanafunzi hakudaiwa karo.

Twaomba walimu waliangalie jambo hili. Hakushindwa na mtihani, wala hakushindwa na uvivu. Alishindwa na karo. Wangapi wengine walishindwa vivyo hivyo, ambao majina yao hayamo katika kitabu chochote? Tofauti yake na wengi ni kwamba Bwana Mboya hakusahau. Alipokuwa kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, na tena alipochaguliwa mwaka wa 1957 kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria, alikuwa akiuliza swali moja: Uhuru ukija kesho, ni nani watakaofanya kazi za nchi? Nani atakuwa daktari, nani atakuwa mhandisi, nani atafundisha katika sekondari? Alijua kwamba bendera hushonwa kwa siku moja, bali daktari hufundishwa kwa miaka mingi.

Mwaka wa 1956 alifika Marekani kwa mara ya kwanza, akafanya urafiki na mfanyabiashara mmoja jina lake William Scheinman. Wakaanza kuwasaidia vijana mmoja mmoja waliokwisha kupata nafasi katika vyuo lakini hawana nauli. Ndipo walipoona kwamba njia ile ni ya polepole mno. Nafasi vyuoni zilikuwapo, vijana walikuwapo, kilichokosekana ni daraja.

MIKONO MITATU

Katika mwaka wa 1959 Bwana Mboya alirudi Marekani, akazunguka miji mingi kwa muda wa majuma kadhaa, akihutubu vyuoni, makanisani na katika vyama vya wafanyakazi. Hakuomba bunduki wala hakuomba mikopo. Aliomba nafasi za kusoma. Vyuo vingi vikamjibu kwa kutoa nafasi bila karo. Kisha rafiki zake wakaunda shirika la kukusanya nauli. Watu watatu waliojulikana sana kule, nao ni Jackie Robinson mcheza mpira, Harry Belafonte mwimbaji, na Sidney Poitier mwigizaji wa sinema, walitia sahihi barua ya kuwaomba watu msaada. Watu wa kawaida kwa maelfu wakatuma fedha, wengi wao kidogo kidogo. Mwezi wa Septemba 1959 ndege moja iliyokodiwa iliondoka Nairobi ikiwa na wanafunzi 81, ikawafikisha New York.

Basi mkono wa kwanza ulikuwa wa vyuo vilivyosamehe karo, na mkono wa pili ulikuwa wa watu wa Marekani waliolipa nauli. Mkono wa tatu ulikuwa hapa nyumbani, nao ndio uliotangulia. Maana kijana hakuweza kwenda na shati moja. Alihitaji viatu, koti la baridi, sanduku, karatasi za safari, na fedha za kumshika kwa siku za kwanza katika nchi asikokuwa na mjomba wala shangazi. Tena masurufu mengi ya Marekani yalilipa mafundisho tu, yakaacha chakula na malazi. Vitu hivyo vilitoka wapi? Vilitoka kwa ng'ombe aliyeuzwa, na kuku waliouzwa, na karamu za chai ambazo kila aliyekunywa kikombe aliacha sarafu juu ya meza. Watu wa kijiji waliketi pamoja, mwenye shilingi akatoa shilingi, mwenye senti hamsini akatoa senti hamsini, na asiye na fedha akaleta mayai yauzwe palepale. Waliokwisha kwenda mjini kufanya kazi walichanga katika vyama vyao vya watu wa nyumbani.

Hapo twaona hekima iliyo katika mambo madogo. Fedha ya tajiri mmoja ingaliweza kununua sanduku na koti kwa mara moja. Lakini sanduku lililonunuliwa na kaya arobaini lina kaya arobaini ndani yake. Mwanafunzi alipolifungua kule ugenini, penye theluji na lugha ngeni, alijua kwamba mama fulani alikosa sukari kwa ajili ya koti lile. Ujuzi wa namna hiyo humzuia mtu kulala darasani kuliko kiboko cha mwalimu.

MSICHANA WA MATHARI

Mwaka wa 1960 maombi yalizidi sana. Vijana walitoka Kenya, na Uganda, na Tanganyika, na Unguja, na hata nchi za kusini zilizoitwa siku hizo Rhodesia na Nyasaland. Serikali ya Marekani ilipoombwa nauli ilikataa kwanza. Basi tarehe 26 Julai 1960 Bwana Mboya alikwenda kuonana na Seneta John Kennedy, aliyekuwa akigombea urais, na shirika la jamaa ya Kennedy likakubali kutoa dola 100,000, yaani zaidi ya shilingi laki saba za wakati ule. Ndege zikaondoka tena, na safari hii wanafunzi walikuwa zaidi ya mia mbili. Hata mwaka wa 1963 ulipofika, vijana karibu 800 walikuwa wamesafiri kwa njia hiyo.

Mmoja wa wale wa mwaka wa 1960 alikuwa msichana wa Nyeri, ambaye dunia ilimjua baadaye kwa jina la Wangari Maathai. Alizaliwa Ihithe mwaka wa 1940. Habari zake zaonyesha vizuri kwamba safari ya kwenda chuo haianzi penye uwanja wa ndege. Ilianza siku ile kaka yake Nderitu alipomwuliza mama yao, mbona Wangari haendi shule kama sisi? Mama angaliweza kujibu kama wengi walivyojibu siku hizo, kwamba msichana ana kazi nyumbani. Lakini alijibu kwamba hakuna sababu ya kumzuia. Mtoto akaenda.

Mwaka wa 1951 aliingia shule ya Mtakatifu Sesilia katika misioni ya Mathari, chini ya Masista wa Consolata, na huko akawa Mkatoliki na mwana wa Lejio ya Maria. Kisha akasoma kwa Masista wa Loreto, Limuru, hata mwaka wa 1959. Wakati huo Askofu wa Kikatoliki wa Nairobi alikuwa akitafuta nafasi Marekani kwa ajili ya vijana wa shule za misioni waliofaulu, naye Wangari akawa mmoja wao. Alipokelewa na Masista wa Mtakatifu Benedikto katika chuo chao cha Mount St. Scholastica, mji wa Atchison, katika Kansas. Mwaka wa 1964 alipata digrii ya sayansi ya viumbe, akaendelea Pittsburgh, akarudi nyumbani, na mwaka wa 1971 alipata udaktari wa elimu katika Nairobi, mwanamke wa kwanza kuupata katika Afrika ya Mashariki na ya Kati. Mwaka wa 1977 alianza kazi ya kupanda miti pamoja na wanawake wa vijijini, na mwaka wa 2004 alipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Alifariki mwaka wa 2011.

Mtu akiuliza ni nani aliyemsomesha, jibu si moja. Kaka aliyeuliza swali, mama aliyejibu vema, Masista wa Mathari na wa Limuru, Askofu, Seneta, na Masista wa Atchison, wote wana sehemu. Hakuna mwenye haki ya kusema, mtoto huyu ni wangu peke yangu. Ndiyo sababu naye hakuona vigumu kurudi na kuinama pamoja na mama wakulima, akitia miche udongoni.

HATA MAREKANI WALICHANGA

Wako wanaodhani kwamba kuchangia masomo ni kazi ya nchi maskini, na kwamba Marekani kila kijana husoma bila taabu. Sivyo. Wakati uleule ambao wazee wetu walikuwa wakiweka sarafu mezani, jambo kama lilo hilo lilianza katika mji wa Fall River, katika Massachusetts. Ulikuwa mji wa viwanda vya nguo, na viwanda vingi vilikuwa vimefungwa. Vijana walimaliza sekondari wakaona hawana njia ya kwenda chuo.

Daktari mmoja wa macho, Irving Fradkin, mtoto wa mwoka mikate, aligombea nafasi katika halmashauri ya shule mwaka wa 1957 akashindwa. Badala ya kununa, alianza mwaka wa 1958 kuwaomba watu wa mji kila mtu atoe dola moja tu, ili vijana wa palepale mjini wasaidiwe kuingia chuo. Majirani walicheka kidogo, kisha wakatoa. Miji mingine iliona ikaiga, na kazi ile ikaenea katika Marekani yote na kuwa shirika kubwa.

Fradkin hakuwajua wazee wetu, wala wazee wetu hawakumjua. Lakini walifikiri mawazo mamoja: kwamba mtoto wa mtaa ni mali ya mtaa, na kwamba mchango mdogo wa watu wengi una nguvu ambayo mchango mkubwa wa mtu mmoja hauna. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha Fall River hujazwa kwa njia ileile ya kibaba cha Kiambu.

YASIYOPENDEZA

Historia isemayo mazuri tu si historia, ni sifa. Kwa hiyo yatupasa kutaja na yale yasiyopendeza.

Kwanza, wasichana walikuwa wachache sana. Si kwamba walikataliwa penye ndege. Walikuwa wamekwisha kukataliwa zamani, penye darasa la kwanza na la nne, wazazi walipochagua nani atalipiwa karo. Mchango wa chuo haukuweza kumwona msichana ambaye hakufika hata sekondari. Kwa kila Wangari mmoja wako wengine ambao kaka zao hawakuuliza swali.

Pili, palikuwa na manung'uniko juu ya uchaguzi. Waliochagua hapa Kenya walikuwa Bwana Mboya, Daktari Julius Kiano na Bwana Kariuki Njiiri, watu watatu tu penye waombaji wengi. Wakoloni nao walisema vyuo vya Marekani ni hafifu, na kwamba vijana waliochaguliwa ni wale wasiofaa Makerere. Neno hilo liliwaumiza wengi. Lilijibiwa na kazi: wengi wa vijana wale walipata digrii zao, wakarudi wakashika kazi za serikali, za ualimu, za utabibu na za magazeti katika miaka ya kwanza ya Uhuru.

Tatu, wako walioteseka ugenini kwa kuwa msaada ulikwisha njiani. Walisafisha vyombo usiku, wakasoma alfajiri. Wako waliokata tamaa. Wako pia waliobaki kule, na nyumbani wazazi wakawangoja hata kufa. Kijiji kilichochanga kikajiuliza, je, tulipanda au tulitupa? Hatuwezi kuwahukumu, maana kila mtu ana habari yake. Lakini uchungu wa wale waliongoja ulikuwa wa kweli, nao ni sehemu ya habari hii.

Bwana Mboya mwenyewe hakuishi kuona matunda yote. Aliuawa kwa risasi katika Nairobi tarehe 5 Julai 1969, akiwa na miaka 38. Kijana aliyekosa karo alikuwa amewafungulia mlango mamia ya wenziwe.

URITHI WETU

Baada ya Uhuru desturi ya kuchanga ilipata jina kubwa. Mwaka wa 1963 Mzee Jomo Kenyatta alilifanya neno Harambee kuwa wito wa taifa, na vijiji vikajenga shule za sekondari kwa wingi, mara nyingi kabla serikali haijatoa mwalimu hata mmoja. Chuo cha Nairobi kikawa Chuo Kikuu kamili mwaka wa 1970. Baadaye serikali iliweka njia nyingine: mwaka wa 1995 ilianzishwa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, na tangu sheria ya mwaka wa 2003 fedha za maendeleo ya majimbo ya uchaguzi hutumika pia kwa basari za wanafunzi.

Je, shilingi ya jirani imekwisha kazi yake? Hatudhani. Mkopo haumfikii kila mtu kwa wakati, na basari hugawanywa kwa watu wengi hata ikawa ndogo. Kila mwaka matokeo ya mtihani yakitoka, katika kila parokia wako watoto waliofaulu ambao barua ya chuo huwaletea machozi badala ya furaha. Na majirani hukutana, katika jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, wakatia majani ya chai katika sufuria kama bibi zetu walivyofanya. Kwa hiyo, kwa kuwa kazi hii bado i mikononi mwetu, twapenda kuwashauri wenzetu mambo machache tuliyojifunza katika habari za waliotangulia.

Daftari la michango lisomwe mbele ya wote. Jina la aliyetoa shilingi kumi lisomwe kwa sauti ileile ya aliyetoa elfu kumi. Penye daftari lililofichwa, mchango wa pili hauji.

Fedha zipelekwe chuoni, zisimalizwe kwa karamu. Tumeona sherehe za kumuaga mwanafunzi ambazo chakula chake kilizidi karo ya muhula. Mbuzi huliwa kwa siku moja, bali muhula una miezi.

Asisaidiwe mtoto kwa muhula mmoja akaachwa. Kumpandisha mtu mtini kisha kuondoa ngazi si msaada. Afadhali jumuiya isomeshe mmoja hata mwisho kuliko kuwaanzisha watano na kuwaacha wote njiani.

Wachaguzi wawe wengi, nao wabadilishwe. Mtoto wa katekista, au wa mwenyekiti wa kanisa, asitangulizwe kwa ajili ya baba yake, wala mtoto wa mjane asiyejua kuomba asiachwe nyuma.

Wasichana watafutwe mapema. Tusingoje mpaka barua ya chuo, bali tuulize swali la Nderitu katika kila nyumba: mbona huyu haendi shule? Swali hilo halina gharama, nalo lilimleta Wangari hata Atchison.

Mwisho, aliyesomeshwa na akumbuke. Hatumdai alipe shilingi kwa shilingi, kwani waliotoa wengine wamekwisha kufa. Deni la jirani hulipwa kwa jirani anayefuata. Akiwa mwalimu, afundishe kwa bidii. Akiwa tabibu, asimfukuze maskini. Akiwa ng'ambo, amsomeshe mtoto mmoja wa kijiji alichotoka.

Bwana wetu aliketi hekaluni akatazama watu wakitia fedha katika sanduku, akamsifu mjane wa senti mbili kuliko matajiri wote. Mjane yule hakutajwa jina. Vivyo hivyo wazee wetu waliouza mayai na kuku wao hawakuandikwa popote, na wengi wao hawakujua hata kusoma barua walizoandikiwa na vijana waliowasomesha. Walimtafuta katekista awasomee. Katika Yubilei hii, tunapowaombea Maaskofu, Mapadre na Masista walioijenga misioni yetu, tuwaombee na hao. Na Jumapili ijayo jumuiya ikikutana, daftari likifunguliwa, kila mtu na aitie mkono mfukoni akikumbuka kwamba hata yeye, kama anaweza kuyasoma maneno haya, yuko mtu aliyemlipia.